Mtaala wa Kilatini wa Watoto wa Projesti

Ukimaliza kuisoma hii usikae nayo peke yako. Mpelekee mzazi mmoja unayemfahamu.

Palikuwa na fundi umeme wa Bukoba aitwaye Projesti. Watoto wake wawili, Kemilembe na Asimwe, hawakwenda shule. Asimwe alisumbuliwa na pumu, hivyo mama yao, aliyekuwa mwalimu, aliamua kuwafundisha wote wawili nyumbani. Mwaka mmoja aliwaahidi Kilatini, ili waelewe nyimbo za kanisa alizoziimba kwenye kwaya. Kabla hawajaanza, akaugua na kufariki.

Projesti akaapa kuitimiza ahadi ile. Lakini kila mtaala alioupata ulikuwa na lake. Mmoja ulijaa mitihani. Mwingine ulikuja na flashi yenye sauti ya mwalimu. Mtoto anasikiliza peke yake, mzazi anaendelea na shughuli zake. Wa tatu ulikuwa kitabu chembamba kisicho na picha, kilichomtaka mzazi asome kwa sauti na watoto warudie.

Akaibeba yote, akaenda na watoto kwa Sista Edigarda, mtawa mstaafu aliyewahi kufundisha Kilatini seminari.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, Baba Kemilembe. Poleni sana na msiba.”

“Tumeshapoa, Sista. Naomba unisaidie kuchagua. Mimi naona huu wa flashi ndio utatufaa. Kilatini sikijui hata neno.”

Sista akaipekua mitaala yote mitatu taratibu. Kisha akampa kile kitabu chembamba.

“Wasomee ukurasa wa kwanza.”

“Sista, nimekwambia sikijui.”

“Nimesikia. Wasomee.”

Projesti akaanza kusoma huku jasho likimtoka. Maneno ya mwanzo yakapita. Alipofika kwenye *quinque*, yaani tano, ulimi ukagoma.

“Kui... kuin... kuikue...”

Kemilembe akaangua kicheko. “Baba, kama kuku anayetafuta pa kutagia!”

Asimwe naye akacheka mpaka akakohoa.

Projesti akakifunga kitabu kwa aibu. “Umejionea mwenyewe, Sista. Huu siuwezi. Ngoja nichukue wa flashi.”

Sista alikuwa akiwatazama watoto. Projesti naye akageuka. Asimwe alikuwa amesogeza kiti, amemwegemea baba yake begani.

“Baba, rudia,” akanong'ona.

Hapo Projesti akatambua kwamba tangu siku ya mazishi hakuwa amewasikia wanawe wakicheka. Tena hakuwa amekaa nao. Kila walipomsogelea aliiona sura ya mama yao, akainuka kutafuta kazi ya kufanya. Muda wote aliosema anatafuta mtaala bora, alikuwa akitafuta kitu cha kukaa na wanawe badala yake.

Machozi yakamlengalenga. Akakifungua tena kitabu.

“Kuinkue.”

“Kwinkwe,” Sista akamsahihisha kwa upole, na watoto wakaitikia.

Kitabu hicho ndicho wanachokitumia hadi leo. Kilatini chao kinakwenda polepole, na anayekosea zaidi bado ni baba. Siku nyingine, katikati ya somo, mtoto mmoja husema, “Hili neno mama alikuwa analiimba.” Basi kitabu huwekwa kando, wakamzungumzia mama yao mpaka jua linazama.

Funzo: Usitafute cha kukaa na mwanao kwa niaba yako. Kaa naye wewe, hata kama somo lenyewe hulijui.