Kwa Nini Mtafuta Neno Hutazama Darini

Zamani hizo hakuna aliyekaa akitafuna kalamu eti hana la kusema. Maneno yalikuwepo. Yalining'inia jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, na moshi uliyakinga na dumuzi. Mwenye shughuli alinyoosha mkono, akatungua hindi moja, akalipukuchua mbele ya watu. Kila punje ilikuwa neno.

Sharti lilikuwa moja tu, hata mjinga angeliweza: usipukuchue mpaka gunzi likabaki tupu. Bakiza punje chache, rudisha hindi kwenye moshi. Siku chache baadaye limejaa tena.

Jiko la Naetwe ndilo lililokuwa na dari nzito kuliko yote huku milimani. Aliishi na mama yake, bibi kizee mwenye maneno machache. Siku moja bibi yule akamwonyesha hindi dogo jekundu, pembeni kabisa.

"Hili ni langu. Ndani yake nimo mimi mzima. Usiliguse mpaka siku ya kunizika."

Naetwe akaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Mwaka ule watu walizibua mfereji, na jioni wanawake wakakusanyika jikoni kwake kunywa togwa. Naetwe akatungua hindi, akaanza. Wifi yake Mkunde, dada wa mumewe, akapiga mwayo ambao hata mbuzi waliuona.

"Wifi, hilo tulilisikia mwaka jana. Au darini mmeingiliwa na panya?"

"Panya wako kwenu, wifi. Huku tuna paka."

Watu wakacheka, na hapo ndipo Naetwe alipopotea. Alitungua la pili akalipukuchua lote, na la tatu vilevile, ili hadithi irefuke, ipendeze. Mkunde anatikisa kichwa tu. Kufika usiku, juu pamebaki hindi jekundu peke yake.

Akalitungua. Akasimulia jinsi mama yake alivyotoroka na mwanamume aliyekataliwa kwao, alivyotumbukia mferejini na mzigo wa ndizi, alivyozika watoto wawili akaenda shambani kesho yake. Hata hilo la mwisho alilitia mbwembwe. Watu walicheka wakashika mbavu, na Mkunde pia. Gunzi likatupwa motoni.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Umenimaliza," alisema, "na bado sijafa."

Alikufa kabla ya mvua za vuli. Siku ya maziko watu wakakaa kimya, wanamngoja binti aseme. Naetwe akainua macho darini. Masizi. Akatazama tena. Masizi yaleyale.

"Wifi, sema chochote," Mkunde alimnong'oneza, na safari hii hakuwa anatania.

Hakuweza. Wakamzika bibi yule kimya kimya, kama mpita njia asiyejulikana kwao.

Siku ya nne, akifagia majivu, Naetwe aliokota punje moja chini ya figa, imeungua upande. Akaipangusa. Ilikuwa hii: mama yake alikuwa akipuliza moto kwa shavu la kushoto, kwa sababu ya jino lililovunjika. Basi. Akatoka mbio kuwaambia watu, lakini mikeka ya waombolezaji ilikwisha kunjwa, wenyewe wamerudi makwao. Alimkuta Mkunde tu, anasugua sufuria za matanga. Alipoambiwa, Mkunde aliweka sufuria chini, akalia.

Na tangu siku hiyo, mtu akitafuta la kusema au la kuandika huinua macho juu, ingawa siku hizi juu ni bati na hakuna hata bua. Hapati kitu. Akipata, ni punje moja, imeungua, nayo huiona chini wakati ana ufagio mkononi na hakuwa akiitafuta.

Kwa hiyo wewe mjukuu wangu Nakiete, uliyekodolea bati macho tangu asubuhi na daftari jeupe mapajani, inuka ukafagie jiko. Ukiokota kitu, kimbia nacho. Usingoje mikeka ikunjwe.