Hivi ya Bwana Ngiri

"Nimwage, nisimwage?"
"Mwaga, tumekinga!"
"Haya, kingeni vizuri, zisije zikaanguka chini."

Hapo kale Bi Kindi alilima karanga. Akalima, akapalilia, akalima, akapalilia, mpaka mgongo ukamuuma. Wanawe wanne hawakuwa na chakula kingine. Karanga zilipokomaa tu, puh! puh! puh! Bwana Ngiri huyo, pembe mbele, mkia juu.

"Shamba hili nalitwaa!"

Kindi akazitazama pembe zile. Kupigana hawezi. Kukimbia na shamba hawezi.

"Twaa, bwana mkubwa. Ila pima kwanza mbele ya wale ndege Kanga, ijulikane chako ni kipi."

Pori lile, kiapo cha mbele ya Kanga hakichezewi. Ukikivunja, Kanga hulia kwe-kwe-kwe mpaka Simba aamke.

Ngiri akapima. Tapa, tapa, tapa! "Urefu hatua kumi hivi." Tapa, tapa, tapa! "Upana hatua kumi hivi. Vipande mia hivi!"

"Hiyo hivi ni kiasi gani, bwana?"

"Aka! Hatua moja tu. Labda imezidi, labda imepungua."

"Basi cha hakika chukua wewe, mimi niachie hiyo hivi."

Ngiri akacheka mpaka kamasi zikamtoka. "Kula, maskini!" Akaapa mbele ya Kanga kwamba hivi ya Kindi hataikanyaga.

Kindi akaokota vijiti. "Ikizidi, kumi na moja kwa kumi na moja: vipande mia na ishirini na kimoja." Akachomeka kuzunguka nje. "Ikipungua, tisa kwa tisa: themanini na kimoja." Akachomeka ndani. "Hivyo vya ndani ndiyo hakika yako. Arobaini vya pembeni ni hivi, na hivi ni yangu."

"Arobaini! Mimi nilisema moja!"

"Moja ya urefu, moja ya upana. Ukizizidisha, bwana, huzaana kama panya."

Ngiri akameza hasira, akainua mguu aende kula zake. "Kwe!" wakasema Kanga. Akajaribu mashariki. "Kwe!" Akajaribu magharibi. "Kwe!" Kumbe hivi ya Kindi imemzungushia shamba pande zote, na Ngiri wa watu hajui kuruka!

Siku ya tatu, mate yakimdondoka, akafoka, "Chukua zote, nisizione!" Akaenda kuchimba mizizi. Kindi na wanawe wakala, wakashiba, wakabakiza mbegu.

Mie nimenyamaza, semeni nyie. Na funzo lake, wanangu: kosa dogo si kitu, lipuuzeni. Aliyeniambia ni Ngiri mwenyewe. Nilimkuta porini, mbavu nje.