Mama Aliyesoma Mstari Mmoja wa Nota

Kuna mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili, alijifunza kusoma nota uzeeni kwa nia moja tu: amkamate kiongozi wa sauti yake akikosea. Msicheke. Wa namna hiyo mnawajua.

Kwaya yao ilikuwa kama yetu. Kila mtu ameinua karatasi ya nota kama msomi, kumbe sikio liko kwa jirani. Kiongozi wa sauti akipanda wanapanda, akishuka wanashuka. Huyu mama akaingiwa na wasiwasi: mbona yeye tu ndiye ajuaye? Anatuficha nini? Akatafuta kitabu, akawa anapepeta mchele huku mdomo unakwenda do, re, mi. Jirani zake wakadhani ana homa.

Siku alipoweza mstari mmoja, mmoja tu, akakuta palipoandikwa la, kiongozi anaimba fa. Mnadhani alimwita pembeni amuulize? Thubutu! Alingoja mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu ya mavuno, watu wamejaa, akasimama.

“Mwalimu, huyu dada anatupotosha! Karatasi inasema la. Miaka yote tunaimba uongo. Avuliwe uongozi leo hii!”

Kiongozi akainama. “Yaishe, mama. Tuendelee tu.”

“Yaishe wapi? Mnaona anavyokwepa?”

Mwalimu wa kwaya akavua miwani. “Haya, mama. Wewe umeisoma, basi tuimbie hiyo la.”

Akavuta pumzi, akapanda. Sauti ikakwama kooni, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta.

“Umesoma sawasawa,” mwalimu akasema. “Ila hapo hufiki, na tunajua tangu zamani. Nilitaka kukutoa kwenye kwaya. Huyu dada ndiye aliyeniomba sauti ya pili yote ishuke hapo hadi fa, ili ubaki. Akasema usiambiwe.”

Sasa tuje kwetu sisi. Tukishajua aya mbili tatu za Neno, tunazipeleka wapi? Kwenye maisha yetu, au kwenye dirisha la jirani? Hapo unaposema mwenzako amekosea, una hakika gani kwamba hakuinama kwa ajili yako? Muulize kwanza. Na kama hutaki kumuuliza kwa kuogopa kwamba atakuwa na jibu, basi usitudanganye hapa kanisani: wewe hukuwa unatafuta ukweli, ulikuwa unatafuta mtu wa kumkamata.