Mkuu wa Wilaya Aliyecheza Harusini

"Mdomo hukataza ngoma, miguu haisikii." Vijana walipomsikia Bibi Kizi akilitamka neno hilo, walitaka kujua limetoka wapi. Akawaambia chanzo chake ni hiki.

Zamani, Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya, walipokuwa chini ya dola ya Kaizari mmoja wa huko, sheria ziliwabana kila upande. Walikatazwa kufuga farasi na kusema lugha yao, na Mroma hakuweza kumwoa Mroma mwenzake bila kibali cha mkuu wa wilaya. Aliyekaidi alichapwa viboko, kisha akapelekwa jeshini. Hata fidla waliruhusiwa kumpigia mtawala tu.

Rupa, binti wa mhunzi, alimpenda Danko, mpiga fidla. Waliomba kibali, wakanyimwa. Wakarudi, wakafukuzwa mlangoni. Rupa akasema amechoka kusubiri. Jumapili moja, mchana kweupe, akavaa sketi nyekundu ya bibi harusi, na watu wakakusanyika uwanjani kwa harusi isiyo na kibali.

Kabla muziki haujaanza, mkuu wa wilaya akatokea na askari wawili. Rupa alitangulia kumpokea, akampa kiti cha mbele na kikombe cha divai.

"Fidla hizi ni za nini?" mkuu aliuliza.

"Za kukukaribisha, bwana mkubwa," Rupa alijibu. "Sheria inasema tumpigie mtawala. Au mtawala ni mwingine?"

Mkuu akakohoa. Alikuwa mtu wa kujiona, na kukana utawala wake kulimshinda. Akaamuru wapige wimbo mmoja tu, kisha kila mtu aende kwake.

Danko akauanza taratibu. Kiatu cha mkuu kikagonga ardhi. Alikikodolea macho kama anayemkemea askari mtovu wa adabu, kikazidi. Wimbo uliposhika kasi alijikuta amesimama, na Rupa akamnyooshea mkono. Walicheza mpaka kofia ikamdondoka.

Alipoketi akitweta, nyanya yake Rupa alimweleza kwa upole kwamba kwao, anayecheza na bibi harusi huwa shahidi wa ndoa. Mkuu akageuka kuwaita askari wake. Wote wawili walikuwa wakicheza katikati ya duara la watu, jasho likiwatiririka. Hapo akaangua kicheko, na kibali akakitia sahihi juu ya pipa la divai.

Sheria haikufutwa siku ile. Iliwaumiza wengi kwa miaka mingi. Lakini Rupa na Danko walizeeka pamoja, na kila lilipotangazwa katazo jipya, watu wa kijiji chao walitazamana wakatabasamu: mdomo hukataza ngoma, miguu haisikii.