Nguchiro na Sauti ya Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakisemezana, watoto sita wa Mama Ngiri walishikwa na tumbo. Leo wawili, kesho watatu. Wanatapika, wanalala, hawachezi.

Na juu ya mkuyu, Mama Hondohondo alikuwa amejiziba kwa udongo ndani ya tundu, yeye na makinda yake. Mumewe akija na chakula, mama huita: hoo, hoo, hoo!

"Ni sauti hiyo," alisema Nyati, mkubwa wa bonde. "Akilia, watoto wanaugua. Wazee walisema, na nyote mmeona. Tundu lile livunjwe."

Nguchiro, jirani wa chini ya mkuyu, alitazama juu tunduni. Makinda yale hata manyoya hayajaota.

"Mzee Nyati, siku alizolia na watoto wasiugue, nani alizihesabu?"

Nyati akaanza kuuendea mkuyu.

"Nipe siku tatu," Nguchiro akamzuia.

"Tatu tu."

Nguchiro alidhani ni maji ya dimbwi. Siku ya kwanza watoto watatu wakanywa dimbwini, watatu wakanywa kwenye chemchemi. Mengine yote sawasawa. Jua halijashuka, wote sita wakatapika.

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa!

"Nimekosea," alisema Nguchiro. Lakini macho yalimng'aa. "Basi si maji. Yamebaki mambo machache ya kujaribu."

Siku ya pili watatu wakala majani peke yake. Watatu wakachimba mizizi myekundu ya kando ya kichuguu, kama kawaida yao. Hondohondo akaita kutwa. Wa majani wakaanza kurukaruka. Wa mizizi, chali.

"Bahati tu," alisema Nyati.

"Huenda," alisema Nguchiro.

Siku ya tatu akauma mzizi mmoja mdomoni, akakimbia, akakimbia, mpaka ng'ambo ya kilima, mahali sauti ya Hondohondo haifiki. Nyati na Mama Ngiri wakamfuata.

"Nikibaki mzima, kavunjeni tundu."

Akautafuna, kacha kacha kacha. Wakangoja. Jua likasogea. Tumbo shwari. Nguchiro akaingiwa na hofu: akibaki mzima, makinda yamekwisha.

Mara, guru guru guru! Tumbo likamsokota. Akatapika. Akatapika huku anacheka.

"Nimeugua, Mama Ngiri! Nimeugua!"

Nyati akatega sikio kuelekea bondeni. Hakusikia kitu.

"Nilikosea," alisema taratibu. "Tundu lisiguswe."

Basi, wanangu na wazee wangu, jambo haliwi kweli kwa kuwa mkubwa kalisema, wala kwa kuwa sote tumelizoea. Lijaribu, hasa lile unaloliamini wewe mwenyewe. Likikukatalia, kubali, utafute tena.

Hadithi yangu naitua hapa.