Swichi Chini ya Kiti

Ninyi mliobanana mlangoni mkikwepa mvua, ingieni, viti vipo huku mbele. Mvua hii ndiyo iliyonikumbusha habari ninayotaka kuwapa. Ni fupi, msianze kuangalia saa.

Kulikuwa na bwana mmoja huko milimani, kijiji ambacho barabara yake ikinyeshewa siku mbili tu inakuwa utelezi mtupu. Gari la kawaida halipandi wala halishuki. Bwana huyu alikuwa na binti mmoja, Nakunda. Masika fulani Nakunda akashikwa na tumbo, majirani wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mabegani kwenda hospitali ya bondeni. Kilomita kumi na nne, jamani, kwenye matope! Walipofika darajani mama yake akafunua shuka, akamtazama mwanawe, akawaambia wabebaji wateremshe kitanda. Hapakuwa na haraka tena.

Nyuma ya nyumba ya bwana huyu kulikuwa na Landrova ya zamani ya marehemu baba yake. Ilikuwa imekaa miaka kumi na tisa, kuku wanatagia kwenye viti. Matanga yalipokwisha akaiendea, akafukuza kuku, akasema, "Masika ijayo hakuna mtu wa kijiji hiki atakayebebwa kwa kitanda." Watu wakamwonea huruma. Walidhani ni msiba tu unaomsemesha.

Hivi mnajua kazi ya kufufua gari la zamani? Mjomba wangu alikuwa na moja, najua ninachosema. Injini ilikuwa imeganda. Akaimiminia dizeli, akaiacha wiki nzima, kila asubuhi anajaribu kuizungusha. Siku ya nane ikasogea kidole kimoja, na bwana akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake akachomeka bisibisi kwenye chesesi, ule uti wa mgongo wa gari, kupima kutu, bisibisi ikazama yote kama kwenye mkate. Akakaa chini. Gari ambalo chesesi yake imeoza utalifungia nini?

Mashine ya kuchomelea ilikuwa bondeni. Basi wanaume kumi na wanane wakaibeba ile chesesi mabegani, njia ile ile, daraja lile lile, mabega yale yale yaliyombeba Nakunda. Nataka mlishike hilo, nitalirudia.

Ikarudi imechomelewa. Giaboksi nayo ikakataa, wakapata nyingine, haikuingia, wakaibadilisha tena. Siku walipoliwasha mara ya kwanza maji yakaingia kwenye oili, ikawa rangi ya chai ya maziwa, wakafungua yote upya. Na kila asubuhi, kabla hajanawa uso, bwana huyu alikuwa anatoka nje kuangalia mawingu. Usingizi ulimpaa. Chakula hakipiti. Mkewe akimwambia, "Baba Nakunda, kula kwanza," anajibu, "Mvua haitanisubiri nile."

Zikiwa zimebaki siku tisa masika ianze, likawaka. Lilipanda mlima mzima bila kusita! Akina mama wakapiga vigelegele, bibi mmoja akajitoma ndani akagoma kushuka mpaka azungushwe kijiji kizima. Akazungushwa.

Mngedhani bwana huyu sasa atalala. Wapi! Hofu yake ilihama chumba tu. Zamani aliogopa gari halitawaka. Sasa akawa anaogopa litawaka mkononi mwa mtu mwingine. Akisikia mbwa amebweka mchana kweupe, anakimbilia nyuma ya nyumba. Mwishowe akateremka kwa fundi wa umeme, akafungiwa swichi ya siri chini ya kiti cha dereva.

Fundi akamwambia, "Hii ukiizima, mtu atapiga stata mpaka betri ife, injini haishiki. Mwonyeshe na mama nyumbani."

"Mama ana mashoga wengi," akajibu. "Hii ni yangu mimi na wewe."

Kijiji kilikuwa na mzee aliyewahi kuendesha malori, jina lake Mbonea. Naye alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane. Akamwendea kwa heshima, "Ndugu yangu, hebu nifundishe gari hili lilivyo. Siku usipokuwepo, je?"

"Nisipokuwepo niende wapi? Mimi nipo."

"Basi hata mkeo ajue."

"Mbonea, gari hili nimelitoa kwenye kinyesi cha kuku. Ulikuwa wapi?"

Mbonea akageuka, akaenda zake. Bega lake lilikuwa bado na alama ya chesesi.

Kuanzia hapo, kila akitaka kuliwasha, bwana yule aliinama mpaka kichwa kinapotea chini ya usukani, anapapasa swichi yake kimya kimya, kisha anainuka na kuwasha. Mkewe alikuwa anamwona dirishani. Akawaambia wenzake kisimani, "Mume wangu msimwone mkali hivyo. Haliwashi gari lile mpaka aombe kwanza." Akina mama wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Wengine wakaenda kuwasema waume zao.

Masika ikaanza. Siku ya nne, saa nane mchana, mvua inapiga, bwana yule anainuka mezani, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia umelala wote, mdomo umekwenda pembeni, sauti hakuna.

Mkewe akapiga yowe, majirani wakaja mbio. Wakamlaza nyuma kwenye Landrova, juu ya godoro. Mbonea akashika usukani, akatia ufunguo. Stata ikapiga, injini kimya. Akarudia. Kimya. Mara ya sita stata ikaanza kuchoka.

"Nini hiki?" Mbonea anasema, jasho linamtoka. "Jana si lilipita hapa?"

Wapendwa, sasa mtazameni aliyelala nyuma. Masikio yanasikia. Akili ipo. Anajua ni kitu gani, anajua kiko wapi, ni hatua mbili kutoka alipolala! Mkono wa kushoto bado una nguvu, anaunyanyua, anaonyesha mbele, anapiga bodi ya gari. Na mkewe, maskini, anadhani ni maumivu, anaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, anaukandamiza kifuani. "Tulia, Baba Nakunda. Tulia, mume wangu." Machozi yanamtiririka yule bwana hadi masikioni. Nje mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Leteni kitanda."

Mama aliposikia neno kitanda, aliuachia mkono. Akashuka kwenye mvua, akaja mbele. "Mzee Mbonea, shuka. Niache niombe pale anapoombea yeye."

Akainama kama alivyomwona mumewe akiinama siku zote zile, kichwa chini ya usukani, mkono chini ya kiti kutafuta pa kujishikilia. Vidole vyake vikagusa kijiti cha chuma. Akakisukuma.

Hakusema amina. Alisema, "Mzee Mbonea, hebu jaribu tena."

Betri ilikuwa imebakiza pumzi moja. Ikatosha.

Alipona, ndiyo, ila mguu anauburuta. Alikaa wiki tatu hospitali bila neno. Neno lilipokuja, alimwambia mkewe, "Chini ya kiti. Kushoto." Akamwambia daktari. Akamwambia mfagiaji wa wodi. Mbonea alipokuja kumwona alimwambia mara nne, analia, na Mbonea anamjibu, "Najua, ndugu yangu. Najua."

Haya, sisi je? Tusimcheke. Kuna kitu gani hapa kwetu kilichobebwa na mabega kumi na nane, halafu mtu mmoja akakifungia chini ya kiti chake? Kwaya mwalimu akiugua, nani anaanzisha wimbo? Nyumbani baba akianguka leo, mama anajua nini? Hofu inatudanganya kwamba tunalinda. Tunainama, watu wanatuona wanasema, aa, yule anaomba. Kumbe tunazima.

Na nisiwanyooshee vidole ninyi peke yenu. Mwezi uliopita nilikwenda semina siku tatu. Mlikuja kuteka maji kwenye tangi la kanisa, mkakuta koki imefungwa, mkarudi na ndoo tupu. Ufunguo nilikuwa nao mimi, mfukoni, mbali huko. Niliogopa mtaiacha koki wazi. Hakuna hata mmoja wenu aliyenilalamikia, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ufunguo wenyewe huu hapa. Mama Tumsifu, wewe unayekaa jirani na tangi, njoo uuchukue. Njoo mama, usione haya. Na wewe uliyekaa nyuma yake, mwangalie anapouweka.