Fahali wa Nakijwa

Hapo zamani, uzamani usio wa mbali sana, maana kahawa ilikuwa imekwisha kupandwa na kengele ya shule imekwisha kutundikwa, aliishi katika kitongoji cha Irondo, milimani Upare, mtoto aliyeitwa Nakijwa. Baba yake ni Elifuraha Mshana. Mama yake ni Namkunda. Mama wa baba yake ni Bibi Nansia. Nyumba yao ilikuwa moja, na ukungu uliingia humo bila kubisha hodi.

Alipokuwa mdogo Nakijwa aliugua sana. Akapona, lakini mama yake hakupona hofu.

"Nakijwa, uko wapi?"

"Nipo, mama."

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu, mama."

Hivyo asubuhi, hivyo jioni. Mtoto akakua bila kujua mchezo wowote asioonyeshwa na mtu.

Shule ikafungwa. Bibi Nansia akamwambia Namkunda, "Mwanangu, mgomba hauvutwi majani ili ukue. Likizo hii mwache mtoto acheze peke yake. Usimwite mpaka jua lielekee kutua."

"Na akianguka, mama?"

"Atainuka. Wewe ulipokuwa ukianguka, ulikuwa unainuliwa na nani?"

Namkunda akakubali.

Kesho yake Nakijwa akakaa kizingitini. "Bibi, sina la kufanya."

"Vyema, mke mwenzangu. Kaa nalo."

"Nikae na nini?"

"Na hilo la kukosa la kufanya. Likichoka litakuonyesha njia."

Akakaa nalo. Likachoka kabla yake. Likamshika mkono, likampeleka nyuma ya migomba, pale unapopita mfereji utokao kwenye ndiva, bwawa la watu wote wa Irondo, ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile.

Udongo wa hapo ulikuwa mwekundu na laini. Akafinyanga nyumba, akafinyanga nyingine. Magunzi ya mahindi yakawa watu, na kila mtu akapewa jina lake na la baba yake, asije akachanganywa na mwenzake. Kisha akaona mji hauna maji. Akatoboa ukingo wa mfereji kwa kijiti, na maji yakaja polepole, yamebeba wingu. Nakijwa akalala kifudifudi, shavu kwenye majani, akautazama mji ukinywa, hata asijue tena kama mji ni mdogo na yeye ni mkubwa, au yeye ni mmoja wa wale wa magunzi, yuko njiani kwenda sokoni.

Siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya Elifuraha. Alipoona maji yamepungua shambani, akaufuata mfereji juu, akalikuta tundu, akamkuta na mwanawe amezama katika mji wake. Kule Irondo, mtoboa mfereji hunyang'anywa zamu. Elifuraha akarudi kimyakimya. Tangu hapo, kila zamu ya jirani akaliziba tundu kwa ganda la mgomba kabla mtoto hajaamka, na kila zamu yake akalizibua. Maharage ya mwisho wa shamba yakakauka. Nakijwa akadhani mji wake una masika na kiangazi.

Naye Namkunda? Kila siku alisimama nyuma ya mibuni, akitazama. Siku moja Nakijwa akateleza, akatumbukia mferejini mzima mzima. Mguu wa mama ukainuka. Namkunda akajitia pindo la khanga kinywani, akaling'ata. Mtoto akaibuka, akatema tope, akacheka, akapanda mwenyewe. Khanga ilikuwa imechanika.

Siku ya mwisho ya likizo ikafika. Kesho yake ndiva ingefunguliwa yote ili isafishwe, na mji ungekwenda na maji. Nakijwa alikuwa amefinyanga mafahali, akawachoma majivuni. Wote wakapasuka, akasalia mmoja tu. Akamleta nyumbani alasiri, amemfumbata.

"Nitampa aliyenipa likizo hii," akasema.

Baba akacheka. "Anayepewa ng'ombe hupewa na kamba yake. Atakayempokea huyo ndiye atakayeamua likizo yako ijayo."

"Naafiki," akasema Bibi. Namkunda naye akaafiki.

"Basi ni wangu," akasema Bibi Nansia. "Neno lilikuwa langu. Bila neno langu ungekuwa unahesabiwa pumzi hadi leo."

"Neno halinyweshi mji, mama," akasema Elifuraha. "Kula maneno basi, uniachie maharage." Akaeleza habari za tundu. Nakijwa akabaki mdomo wazi: kumbe masika ilikuwa baba yake!

Namkunda akakunjua pindo la khanga, wakaona alama za meno.

"Mimi sikufanya kitu," akasema. "Nilisimama tu. Kila siku nilisimama."

"Na ukishika kamba, hutaivuta?" Bibi akamuuliza.

Namkunda akamtazama mwanawe. "Sijui, mama. Sitasema uongo."

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja. Fahali alikuwa bado na joto la majivu. Akainuka, mkono mbele.

Mkono ule ninauachia hapo, nanyi usukumeni. Kuna aliyetoa neno, kuna aliyetoa maji, na kuna aliyejizuia hata khanga ikachanika. Fahali ni mmoja, na kamba ni moja. Je, nani alistahili?